TUNDU LA KIFUNGO: KUSHONA KWANZA, KUPASUA BAADAYE

Utangulizi

Ushonaji ni miongoni mwa kazi ambazo Kiswahili kimezimudu tangu zamani. Mwambao wetu ulikuwa na sindano, uzi, mkasi na shazia kabla ya cherehani kufika. Nayo cherehani ilipofika, baada ya Elias Howe kupata hataza yake huko Marekani mwaka 1846 na Isaac Singer kupata yake mwaka 1851, haikukaa muda mrefu bila ya jina. Neno lenyewe linanasibishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu, na leo hakuna Mswahili anayelihesabu kuwa geni. Kadhalika sehemu za kanzu, yaani badani, taharizi, kikwapa, lisani na kaba, zina majina yake kamili, na fundi hahitaji kuazima hata moja.

Hata hivyo, kuwa na majina ya vitu ni jambo moja, na kuandika maelekezo ya kazi ni jambo jingine. Fundi anayemfundisha mwanagenzi ana kwa ana hahitaji istilahi nyingi. Humwambia, "Tazama mkono wangu," naye mwanagenzi akatazama na kuiga. Lakini karatasi haina mikono. Yote ambayo mkono wa fundi ungeyaonyesha hapana budi yaelezwe na vitenzi, na kitenzi kikikosewa, kazi nayo hukosewa.

Katika makala haya tutachukua jambo moja dogo la ushonaji, yaani tundu la kifungo linaloshonwa kwa cherehani, ili tueleze jinsi kitenzi kimoja kinavyoweza kuharibu kitambaa cha mtu. Tutaeleza kwanza kisa kilichotupa sababu ya kuandika, kisha maneno yanayohusika, halafu hatua za kazi yenyewe, na mwisho tutatoa mapendekezo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Kisa cha Kibiti

Mji wa Kibiti uko kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Lindi. Mashariki yake, nchi huteremka hadi delta ya Rufiji, ambako mto hugawanyika katika mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na vijiji vimezungukwa na mikoko na maji. Wakazi wengi wa visiwa vya delta hupanda chombo hadi Nyamisati, na kutoka hapo hushika njia ya nchi kavu mpaka Bungu na Kibiti. Kwa hiyo mtu wa delta aletaye nguo kwa fundi wa Kibiti hakutoka nyumba ya jirani. Ametoka na maji, akangoja kujaa na kupwa, na nauli ameilipa.

Tulikuwa tumeketi barazani kwa fundi mmoja mtu mzima wakati mama mmoja alipofika akifuatana na kijana wa miaka kumi na saba hivi.

"Shikamoo, fundi," mama alisema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Za huko majini?"

"Nzuri, baba, ila nimekuletea msiba wa nguo."

Akafungua kanga na kutoa mashati mawili meupe ya shule. Mishono ya mabega ilikuwa imenyooka, kola zimekaa vizuri, upindo wa chini haukuwa na kasoro. Lakini kifua cha kila shati kilikuwa kimechanika mahali sita. Pale palipostahili kuwa na matundu ya vifungo palikuwa na mianya iliyofumuka, nyuzi zimening'inia kama ndevu za mahindi, na mshono wa zigizaga umepotea ndani ya kitambaa kilicholegea.

Fundi aliligeuza shati juu na chini, kisha akamtazama kijana. "Nani kakufundisha, mwanangu?"

"Nimejifunza kwa karatasi hii, mzee. Nimefanya kama ilivyoandikwa."

Ilikuwa karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza na kunakiliwa mara nyingi, hata jina la aliyeitoa lilikuwa limefutika. Mahali panapohusu vifungo palisomeka: "Toboa tundu la kifungo, kisha shona pande zake kwa zigizaga." Kijana alikuwa ametii sentensi hiyo neno kwa neno. Alichukua mkasi, akatoboa, akapanua mwanya, ndipo akaiweka nguo chini ya sindano. Kitambaa kilichokwisha kukatwa hakikuweza kustahimili. Meno ya cherehani yalivuta kingo zake huku na huku, nyuzi zikachomoka, na sindano ikawa inashona hewa.

Fundi aliisoma karatasi mara mbili, akairudisha. "Aliyeandika hii," alisema, "anajua kutoboa. Kushona hajui."

Mama hakutaka maelezo. Alitaka kujua kama mashati yataokolewa kabla ya shule kufunguliwa. Fundi alifumua ukanda wa kifua uliochanika, akatafuta kitambaa cheupe kinachofanana nao, na akaweka ukanda mpya. Kazi hiyo ilimlazimu mama kulipa ushonaji wa mara ya pili kwa nguo ambayo haijavaliwa hata siku moja. Tuliondoka hapo tukiwa na hakika kwamba kosa halikuwa la kijana. Lilikuwa la kitenzi.

Kosa lilitoka wapi

Yafaa tujiulize mfasiri aliteleza mahali gani. Maelekezo ya Kiingereza kuhusu jambo hili mara nyingi hutumia kitenzi cha jumla chenye maana ya "tengeneza" au "fanya". Kitenzi hicho hakisemi kazi inaanzia wapi. Mfasiri aliyekutana nacho alijiuliza swali la haki kabisa: Mswahili anapotengeneza tundu, hufanya nini? Jibu la haraka ni kwamba hutoboa. Tunatoboa masikio, tunatoboa ubao, tunatoboa kopo. Basi akaandika "toboa", na kwa kuwa kutoboa huja kabla ya yote, kushona kukasukumwa nyuma.

Hapa tunaona jambo ambalo wafasiri wa maandishi ya ufundi hawana budi kulizingatia sana. Kitenzi cha kazi hubeba tendo, na pamoja na tendo hubeba mpangilio wa matendo. Mtu akisema "pika ugali", msikilizaji anajua kwamba maji hutangulia unga. Akisema "toboa tundu", msikilizaji anajua kwamba uwazi unatangulia kila kitu kingine. Kumbe katika kazi hii ya cherehani uwazi ndio wa mwisho.

Lakini pia si kweli kwamba kushona baada ya kutoboa ni kosa daima. Inategemea kinachoshonwa na chombo cha kushonea, na delta ya Rufiji yenyewe ni mahali pazuri pa kulieleza hilo.

Kushona katika delta: mifano mitatu

Mfano wa kwanza ni wa kale. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi unaojulikana kwa jina la Periplus. Anaeleza humo kwamba soko la mwisho la pwani ya Azania liliitwa Rhapta, na kwamba jina hilo lilitokana na vyombo vya mahali hapo, ambavyo vilikuwa vimeshonwa. Wataalamu wamependekeza sehemu mbalimbali kuwa ndipo Rhapta ilipokuwa, na delta ya Rufiji ni mojawapo. Mwaka 1999 mwanaakiolojia Felix Chami alichapisha taarifa ya shanga za kioo za Kirumi zilizopatikana katika eneo la delta hii, jambo lililoongeza uzito wa hoja hiyo. Ama iwe hapa au pengine pa mwambao, ushonaji wa vyombo uliendelea kwa karne nyingi, na mtepe wa Waswahili ulikuwa mrithi wake. Mbao za mtepe ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya misumari. Mafundi walitoboa kwanza kwa kekee, wakapitisha kamba, wakakaza, kisha wakaziba matundu kwa vigingi vidogo. Ubao haufumuki nyuzi. Kwa hiyo kutoboa kwanza ni sahihi, na tena hakuna njia nyingine.

Mfano wa pili ni wa mkeka. Akina mama wa Rufiji husuka ukili, kisha huunganisha kili hizo upande kwa upande hata mkeka ukapata upana. Kazi hiyo huitwa kushona mkeka. Hapa hakuna kutoboa hata kidogo, kwa sababu sindano hupita katika nafasi ambazo msuko wenyewe umeziacha.

Mfano wa tatu ni wa tundu la kifungo linaloshonwa kwa mkono. Mshoni wa mkono hupasua kitambaa kwanza, kisha huzungushia uzi ukingoni, kifundo kimoja baada ya kingine, akishikilia ukingo kwa vidole vya mkono wa pili. Vidole hivyo ndivyo vinavyozuia nyuzi zisichomoke. Kwa hiyo anayeshona kwa mkono hukata kwanza, naye hakosei.

Cherehani haina vidole vya kushikilia ukingo. Ina meno ya kusukuma kitambaa na mguu wa kukikandamiza, na vyote viwili vinataka kitambaa kizima kisicho na mwanya. Ndiyo maana mpangilio unageuka: cherehani hushona uzio wa nyuzi juu ya kitambaa kizima, na uzio ukisha kukamilika, mshoni hupasua katikati yake. Usemi wetu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta unafaa hapa kwa namna ya pekee, kwani katika tundu la kifungo ukuta hujengwa kabla ya ufa.

Tundu, tobo, mpasuo na kitanzi

Kabla ya kufika katika kazi yenyewe, yafaa tutenganishe maneno manne ambayo huchanganywa katika maandishi.

Tundu ni uwazi uliokusudiwa na wenye kazi. Tunasema tundu la sindano, tundu la ufunguo, tundu la pua. Katika maandishi ya zamani tunakuta "tundu ya", lakini matumizi yaliyoenea leo ni ya ngeli ya LI-YA: tundu hili, matundu haya.

Tobo ni uwazi uliotokea kwa kuharibika au kwa kuchomwa. Shati lenye matobo ni shati bovu, na shati lenye matundu ni shati linalongoja vifungo. Mwalimu asimwambie mwanafunzi "weka tobo hapa".

Mpasuo ni uwazi mrefu, na kwa washonaji umekwisha kuchukua maana maalumu: ni ule uwazi wa pembeni mwa kanzu, wa nyuma ya sketi au wa nyuma ya koti. Kwa hiyo si vizuri kuuita uwazi wa kifungo kwa jina hili, ingawa kitenzi kupasua kinafaa sana, kama tutakavyoona.

Kitanzi ni mzunguko wa uzi au wa kitambaa uliotokeza nje ya ukingo wa nguo, ambamo kifungo huingizwa. Shingo ya kanzu hufungwa kwa kitanzi, na hakuna kilichopasuliwa hapo. Kwa kuwa kitanzi kimezoeleka sana mwambaoni, baadhi ya waandishi hukitumia kwa kila kitu kinachopokea kifungo. Tofauti hii si ya kupuuzwa. Ofisi ikiandika katika zabuni kwamba inataka sare zenye "vitanzi sita", mshonaji mwaminifu ataleta sare zenye vitanzi sita vilivyotokeza nje, na ofisi haitakuwa na haki ya kumlaumu.

Hatua za kazi

Sasa tueleze jinsi tundu safi la kifungo linavyoshonwa kwa cherehani yenye zigizaga. Tutatumia kila kitenzi mahali pake, ili maelezo haya yawe pia mfano wa uandishi.

1. Pima kifungo. Urefu wa tundu ni upana wa kifungo pamoja na unene wake. Kifungo cha shati chenye upana wa milimita 11 na unene wa milimita 3 kinahitaji tundu la milimita 14. Kifungo kilichovimba kama tufe hakipimiki vizuri kwa rula. Kizungushie kipande chembamba cha karatasi, weka alama karatasi inapokutana, kisha ikunjue na uikunje katikati: nusu yake ndiyo urefu unaotakiwa.

2. Tia kitambaa cha kati. Ukanda wa kifua uwe na kitambaa cha nguo kwa juu na kwa chini, na katikati yake kitambaa kigumu kidogo cha kuupa nguvu. Ukanda mlegevu hukunjamana chini ya sindano, na tundu hupinda.

3. Chora mahali pa matundu kwa chaki. Mistari ya shati huchorwa wima, na umbali wa sentimita 8 au 9 kati ya tundu na tundu hufaa shati la mtu mzima. Tundu la shingo ya kola huchorwa kulala. Kwa desturi, nguo za kiume huwa na matundu upande wa kushoto wa mvaaji, na za kike upande wa kulia. Katika koti, ambako matundu hulala, mstari hupitiliza mstari wa katikati ya kifua kwa kiasi cha milimita 3 kuelekea ukingo wa nguo, kwa sababu nguo ikivaliwa kifungo huvutwa hadi mwisho wa tundu na kutulia hapo.

4. Jaribu kwenye kipande cha pembeni. Kipande hicho kiwe cha kitambaa kile kile, chenye kitambaa cha kati kile kile, na kielekezwe upande ule ule wa nyuzi. Jaribio la kitambaa kimoja kisicho na kitambaa cha kati halimfundishi mshonaji jambo lolote.

5. Tayarisha cherehani. Tia sindano mpya: namba 80 kwa pamba nyepesi ya shati, namba 90 kwa kitambaa kizito cha khaki. Funga mguu wa matundu. Weka upana wa zigizaga kiasi cha milimita 2 na urefu wa mshono chini kabisa, karibu na milimita 0.4, ili nyuzi zikaribiane bila ya kupandana. Legeza kidogo mkazo wa uzi wa juu. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, wa sindano na wa bobini, na mahali zinapokamatana panatakiwa pawe upande wa ndani wa nguo, usoni paonekane uzi wa juu peke yake.

6. Shona ukingo wa kwanza. Anzia ncha moja ya mstari, shona upande wa kushoto wa mstari hadi ncha ya pili, polepole, bila ya kuvuta kitambaa kwa mkono.

7. Shona kikomo cha kwanza. Panua zigizaga hadi ichukue upana wote wa tundu, na upige mishono mitano au sita mahali pamoja. Kikomo hiki ndicho kinachozuia tundu lisichanike kwa urefu kila kifungo kinapovutwa.

8. Shona ukingo wa pili. Rudisha upana wa milimita 2, na ushone upande wa kulia wa mstari. Kati ya kingo mbili iachwe nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja. Pasipo nafasi hiyo, kisu kitakata nyuzi za ukingo.

9. Shona kikomo cha pili, kisha kaza uzi kwa mishono michache mahali pamoja. Vuta ncha za uzi upande wa ndani na uzifunge.

10. Pasua tundu. Hii ndiyo hatua ya mwisho. Choma pini moja ikatishe tundu karibu na kila kikomo, kwa upande wa ndani. Ingiza ncha ya kifumulio katikati ya tundu, pasua kuelekea pini ya kwanza, kisha geuza na upasue kuelekea ya pili. Pini ndiyo mlinzi: mkono ukiteleza, chuma kitagonga chuma, na kikomo kitasalimika.

Msomaji ataona kwamba neno "toboa" halikutumika popote katika hatua hizi kumi, wala halikuhitajika.

Cherehani ya mshono mnyoofu

Mwalimu anaweza kuuliza: wale wenye cherehani za miguu zinazoshona mshono mnyoofu tu wafanye nini? Swali hili ni la haki, kwani cherehani za namna hiyo ni nyingi katika vijiji vyetu, na katika nyumba isiyo na umeme zina faida kubwa.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kifaa cha matundu kinachofungwa mahali pa mguu wa cherehani. Katika cherehani ya zigizaga ni sindano inayoyumba kulia na kushoto. Kifaa hiki huiacha sindano ipande na kushuka mahali pamoja, bali chenyewe hukishika kitambaa na kukiyumbisha. Meno ya cherehani hufunikwa ili yasishindane nacho. Hapa pia hushonwa kwanza na kupasuliwa baadaye.

Njia ya pili ni kuzungushia mstari mishono minyoofu midogo yenye umbo la mstatili mwembamba, mizunguko miwili, kisha kupasua ndani yake na kumalizia ukingo kwa mkono. Cherehani inatia nguvu, mkono unatia sura. Njia hii huchukua muda, lakini tundu lake hudumu.

Njia ya tatu ni tundu la kuvishwa kitambaa, linalofaa makoti na magauni mazito. Kipande kidogo cha kitambaa huwekwa juu ya uso wa nguo, mstatili hushonwa kwa mshono mnyoofu, katikati hupasuliwa, na kipande hicho hupenyezwa hadi upande wa ndani na kukunjwa kuwa midomo miwili. Hata hapa, kisu hakitangulii sindano.

Hivyo basi, njia zote za cherehani tulizozieleza zinakubaliana katika jambo moja: kitambaa hushonwa kikiwa kizima. Kanuni hiyo ndiyo inayostahili kuandikwa juu ya kila karatasi ya maelekezo, hata kama mengine yote yataachwa.

Mapendekezo ya istilahi

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, na katika uundaji wa istilahi desturi imekuwa kutazama kwanza hazina ya Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu na nyingine za hapa nchini, ndipo lugha za mbali. Kwa kufuata desturi hiyo, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Tundu la kifungo (wingi: matundu ya vifungo): uwazi uliopasuliwa katika nguo na kuzungukwa na uzi.

(b) Kitanzi cha kifungo: mzunguko wa uzi au kitambaa uliotokeza nje ya ukingo wa nguo. Kisitumiwe kwa maana ya (a).

(c) Kishikizo: jina la jumla la kila kinachofunga nguo, kama vile kifungo, zipu na kulabu. Baadhi ya maandishi hulitumia kwa maana ya kifungo peke yake, lakini tukiliacha liwe la jumla tutapata neno ambalo walimu wanalihitaji.

(d) Ukingo wa tundu (wingi: kingo za tundu): safu ya nyuzi kila upande wa tundu.

(e) Kikomo cha tundu (wingi: vikomo vya tundu): mishono ya kukaza katika kila ncha ya tundu.

(f) Mshono mnyoofu na mshono wa zigizaga. Zigizaga limekwisha kuenea. Kulitafutia mbadala ni kumchosha fundi bila ya faida.

(g) Kifumulio, kutokana na kitenzi fumua: kijichuma chenye ncha na makali cha kufumulia mishono na kupasulia matundu.

(h) Kitambaa cha kati: kitambaa cha kuimarisha kinachotiwa baina ya vitambaa viwili vya nguo.

Kuhusu vitenzi, ambavyo ndivyo kiini cha makala haya, tunapendekeza kushona tundu kwa kazi yote ya sindano, na kupasua tundu kwa kazi ya kufungua uwazi. Tumependelea kupasua kuliko kukata, kwa sababu anayekata huweza kutenga kipande na kipande, lakini anayepasua hufungua palipokwisha kuwekewa mpaka, kama afanyavyo mganga wa upasuaji. Kitenzi kutoboa kibaki kwa matundu ya mviringo yanayofanywa kwa msumari au kwa msharasi, kama vile matundu ya mkanda wa ngozi.

Kwa wafasiri tunaongeza shauri moja. Mnapokutana na kitenzi cha jumla katika lugha ya asili, msikitafsiri kabla ya kujua kazi huanzia wapi na huishia wapi. Nendeni kwa fundi, mwambieni afanye kazi hiyo mbele yenu, na muandike vitenzi kwa mpangilio wa mikono yake. Saa moja barazani huzuia makosa ambayo kamusi haiwezi kuyazuia. Kwa walimu, shauri letu ni kwamba karatasi yoyote ya maelekezo ifuatwe kwanza na mtu mmoja asiyejua kazi hiyo, kwenye kipande cha kutupwa, kabla ya kugawiwa wanafunzi. Kwa watumishi wanaoandika zabuni za sare, ni vizuri waeleze idadi ya matundu, urefu wake kwa milimita, mwelekeo wake na aina ya kikomo. Neno "vifungo" peke yake halitoshi.

Hitimisho

Siku ile pale Kibiti, baada ya kumaliza shati la kwanza, fundi alimkalisha kijana kwenye cherehani yake na kumpa kipande cha kitambaa chenye mistari mitatu ya chaki. Kijana alishona kingo na vikomo vya mistari yote mitatu, kisha mkono wake ukaenda kwenye mkasi. Fundi akamzuia. "Sema kwanza unalotaka kufanya."

"Nataka kupasua, mzee."

"Umeshona pande zote?"

"Nimeshona."

"Basi pasua."

Matundu yote matatu yalifunguka safi, bila ya uzi hata mmoja kuchomoka. Kijana hakuwa amepata mikono mipya, wala cherehani haikuwa ya ajabu. Alikuwa amepewa vitenzi viwili kwa mpangilio wake.

Alipoondoka na mama yule kuwahi chombo cha Nyamisati, aliiomba ile karatasi yake, akafuta neno "toboa" kwa kalamu ya fundi, na juu yake akaandika: "Shona kwanza. Pasua mwisho." Sisi hatuna sahihisho lililo bora kuliko hilo. Msomaji aliye na jina zuri zaidi la ukingo, kikomo au kifumulio, hasa kutoka katika lugha za Rufiji na mwambao wa kusini, tunamwomba alilete lijadiliwe, kwani istilahi njema huanzia kwa wenye kazi.